Boda zinakata njia katikati ya bustani ya mtaa: tuzizuie vipi bila kumfungia nje mwenye kiti cha magurudumu?

jirani_wa_buru
Wakuu, hamjambo. Hapa Buruburu, Nairobi, kuna bustani ndogo ya umma yenye viingilio viwili, kila kimoja mita 1.5. Bodaboda wameigeuza njia ya mkato kukwepa msongamano wa Mumias South Road, na wanapita kasi karibu kabisa na bembea za watoto. Yalijengwa matuta, wakayazunguka kwenye nyasi hadi nyasi zikafa. Ikawekwa nguzo katikati ya kiingilio, wanapita kando yake. Chama cha wakazi kina hela ya kazi moja tu. Ni kizuizi gani kitakachosimamisha pikipiki lakini kipitishe wazee, akina mama na watoto wao, na mkazi anayetumia kiti cha magurudumu?

fundi_mabomba
Jirani, nguzo ya katikati haiwezi kuwasaidia. Gawa mita 1.5 mara mbili, toa unene wa nguzo, kila upande unabaki na sentimita 70 hivi. Usukani wa pikipiki ya Boxer ni kama sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha; dereva akiukata kidogo tu, amepita. Ukibana zaidi, anayekwama kwanza ni mwenye kiti cha magurudumu, maana kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hadi 70.

Tofauti ya pikipiki na kiti cha magurudumu iko juu, si chini. Usukani uko karibu mita moja kutoka ardhini, lakini sehemu pana ya kiti ni magurudumu yake, chini kabisa ya hapo. Kwa hiyo simamisha fremu mbili zinazoinamiana: chini ziachane mita moja, juu, usawa wa usukani, zibane hadi sentimita 55 au 60. Pembeni mwa kila fremu ziba kabisa.

Fremu iwe na urefu wa mita moja kufuata njia. Wengi huweka bomba moja moja kila upande, na hapo ndipo kazi inapoharibika: dereva anapenyeza kipini cha kushoto, anageuza usukani, kisha anapitisha cha kulia. Kwenye fremu ndefu hana nafasi ya kugeuza. Akiamua kushuka na kuilaza pikipiki anaweza kuipitisha, ila atapoteza muda mwingi kuliko aliotaka kuokoa.

Bomba jeusi la inchi 2, unene wa milimita 3. Bomba zima la mita 6 linatosha fremu moja: miguu miwili ya mita 1.7 (sentimita 60 zikiwa ardhini), mwamba wa juu na wa kati (yaani mabomba ya kulala). Viingilio viwili, mabomba manne. Jazeni miguu zege kabla ya kuchomelea mwamba wa juu, la sivyo zitakatwa usiku na kuuzwa kama chuma chakavu. Bomba lenye zege ndani linamaliza meno ya msumeno.

mama_zege
Naongeza kuhusu msingi, maana Eastlands kuna udongo mweusi. Unafura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, nguzo inainama na ule upana wa juu unapotea. Chimbeni hadi mpate murram au jiwe gumu. Msipoupata, shukeni sentimita 90, tandazeni kokoto kubwa sentimita 15 na kuzishindilia, kisha mwage zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Shimo liwe pana zaidi chini kuliko juu ili udongo ukifura usilisukume nje. Kwenye mwisho wa kila mguu chomeleeni kipande cha nondo kwa upana, usije ukang'olewa kwa kutikiswa.

Lifunikeni zege kwa magunia yaliyoloa siku 7, na muda huo pasipitike. Tafadhali msiruke hatua hii. Nguzo ikigongwa zege likiwa bichi, italegea daima.

mlinda_bustani
Anzeni na ua, jamani. Fremu nzuri yenye pengo la mita moja kando yake ni pesa iliyotupwa. Pandeni kayaba, ule mmea wa ua wenye miiba, mistari miwili ya kupishana, sentimita 40 kati ya miche. Itachukua miaka miwili au mitatu kufunga, kwa hiyo kwa sasa pangeni mawe makubwa, theluthi yake ikiwa ardhini, nafasi isizidi sentimita 50.

Ardhi ni ya kaunti, kwa hiyo pateni kibali cha maandishi kabla ya kuchimba. Katika barua tajeni Ibara ya 54 ya Katiba, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, na mwambatanishe vipimo. Achieni pia lango la mita 3.5 au zaidi kwa ambulensi na zimamoto, ufunguo uwe kwa watu wasiopungua wawili wanaolala mtaani. Na mwenyekiti wa steji ya boda aitwe kabla fundi hajaanza. Madereva wakikuta njia imefungwa bila taarifa, kayaba changa ndiyo itakayokanyagwa.

jirani_wa_buru
Asanteni sana. Na mkazi wetu akikwama kwenye zile sentimita 55?

fundi_mabomba
Pigeni kwanza fremu za mbao za vipimo hivyohivyo. Apite yeye na kiti chake, mikono ikiwa kwenye magurudumu, kisha sukumeni Boxer yenye vioo vyake. Sogezeni sentimita mbili tatu hadi yeye apite bila kugusa na usukani ukwame. Mkishapata, tieni alama za mashimo kwa chokaa.