Ushauri: Nimefundisha Yeremia 29:11, sasa naambiwa navunja watu moyo

MwanaKilindini
Wanajukwaa, salamu. Mimi si mchungaji wala sijakanyaga chuo cha Biblia. Ni karani bandarini, na Jumatano jioni naongoza funzo nyumbani kwa mama mmoja hapa Mikindani. Desturi yangu ni moja: hatuuchambui mstari mpaka tusome sura nzima, ikibidi na iliyotangulia.

Wiki jana tukafika Yeremia 29. Mstari wa 11 kila mtu anaujua kwa ghibu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Mwenye nyumba ameudarizi kwenye kitambaa, kiko ukutani juu ya televisheni. Nikaeleza kuwa hiyo ni barua kwa waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70, yaani wengi wa waliosomewa wangezikwa huko huko. Mama alikuwa akimimina chai. Akalitua birika, akaniuliza: "Kwa hiyo si yangu?" Kijana wake anatafuta kazi mwaka wa tatu huu, na huo ndio mstari anaomwombea. Nikababaika.

Jumapili mzee mmoja wa kanisa akanivuta kando: navunja watu moyo, na "andiko huua, bali roho huhuisha". Niendelee, au niwaachie wenye shahada?

ShangaziLikoni
Pole mwanangu. Ulichosema ni kweli, ila yule mama hakukuuliza historia. Nenda siku isiyo ya funzo, bila Biblia kubwa kwapani, umuulize habari za kijana. Chai ile hukuimaliza, sivyo?

BwanaUbishi
Mambo ya Babeli ni ya maprofesa. Bibi yangu hakujua Babeli iko upande gani na maombi yake yalijibiwa.

KatekistaKisauni
BwanaUbishi, bibi yako aliomba, hakusimama kufundisha wengine. Hata Nehemia 8:8 inasema walisoma torati wakaeleza maana yake, watu wakafahamu.

MwanaKilindini, mzee wako amekupiga kwa mstari aliouchomoa peke yake. Soma 2 Wakorintho 3 uendelee hadi wa 7: Paulo anazungumzia agano lililochorwa katika mawe. Hakatazi mtu kusoma kwa makini.

Ila na wewe ulianza katikati. Ungeanzia sura ya 28. Hanania, nabii wa uongo, alisimama hekaluni akatangaza kuwa ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi. Nani asingependa nabii wa hivyo? Yeremia akaandika miaka 70: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji uliowateka. Mstari wa 11 umekaa juu ya hayo. Ukimwambia mama "si yako" umekosea, ukimwambia kijana atapata kazi kabla ya Krismasi wewe ndiye Hanania.

Tena Kiswahili kimeshakusaidia, tazama neno lenyewe: ninayo-WA-wazia. Si "ninayokuwazia". Kalenda za Kiingereza huficha hilo, kwa kuwa "you" ni mmoja na ni wengi. Ahadi ni ya watu kwa pamoja, na mama yumo ndani yao. Basi lile kundi lenu la Jumatano limemfanyia nini huyo kijana zaidi ya kuomba?

MtwapaMpya
Mimi husoma tafsiri mbili za Biblia, Union ya 1952 na Habari Njema, bega kwa bega. Zikiachana maneno, hapo ndipo natulia.

MwanaKilindini
Asanteni. Swali la Katekista limenichoma. Kuna wawili kundini wenye karakana Changamwe, na hatujawahi kuwauliza lolote. Nilikwenda jana jioni kama Shangazi alivyosema. Kitambaa kipo pale pale, na mama kanisomesha mstari wa 5 hadi wa 7 mara mbili huku akichambua mchele. Jumatano tunaanza sura ya 28. Mzee nimemwalika, 2 Wakorintho 3:7 nitamwomba aisome yeye.