Eti "gari iko sawa, mkono wako ndio unacheza"! Huyu fundi wa mikonga (Land Cruiser) mtamwacha mpaka lini?

Mkonga Mchovu:
Wakuu, habari za jioni. Yangu si nzuri.

Simtaji jina na hamhitaji nimtaje. Yule wa ovaroli isiyo na doa la grisi, simu mbili, anayepima gari kwa kuegemea boneti. Nusu ya Arusha inamdai, nusu iliyobaki keshaiharibia boksi ya usukani.

Gari ni mkonga wa injini ya 1HZ, springi za koili mbele, umenyanyuliwa inchi mbili. Ikipita 70 inahama. Usa River mpaka Kikatiti nimesalimia mitaro ya pande zote mbili, boda wananipisha kama msafara wa Mwenge. Sasa mtaalamu wenu hakulala chini. Hakupiga jeki. Hakushika hata tairodi moja, zile rodi za kugeuza matairi. Alilegeza lokinati (nati ya kufungia skrubu) ya stelingi boksi, ile boksi ya meno ya usukani, akachomeka bisibisi, akakaza skrubu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, na matairi yamekatwa kulia yanatazama ukuta!

Ile boksi imeundwa ibane zaidi matairi yakiwa yamenyooka, ukikata kona inalegea kidogo. Sasa wewe ukikaza mchezo, yaani ulegevu, uliouona kwenye kona, ukirudi katikati meno yanabanana. Nikitoka kona usukani haurudi wenyewe, naurudisha kwa nguvu, unapitiliza, naurudisha tena. Gari ilikuwa inahama, sasa imelewa.

Nimemrudishia leo. Kafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu, kanitazama, kasema mbele ya vijana wake wote: "Gari iko sawa, mkono wako ndio unacheza."

MKONO WANGU.

Na kwenye risiti kaandika "grisi ya stelingi boksi". Stelingi ya hadroliki, jamani, ndani mna oili! Hiyo grisi kaipaka wapi, kwenye chapati? Lakini grisi nimesamehe. Mkono wangu ndio unacheza?

Kijana wa Sanya Juu:
Mkuu, kabla hatujamlaani mzee wa watu, ulipitia mbege njiani au hukupitia? 😂

Bisibisi Bapa:
Kwa maelezo haya hata mimi ningesema ni mkono. Umenyanyua gari inchi mbili halafu unashangaa inahama?

Mkonga Mchovu:
Nyie ndio vijana wake waliokuwa wanacheka. Nimewajua.

Mangi Dizeli:
Acheni matusi, kijana asaidiwe.

Kwanza upepo. Pima matairi yakiwa ya baridi, kushoto na kulia sawa, na tairi za mbele ziwe za aina moja. Kuna watu wamebadilisha boksi nzima kumbe tairi moja ilikuwa nusu tupu.

Pili, gari ibaki chini kwenye matairi yake. USIPIGE JEKI kwanza, maana ukiinyanyua mzigo unatoka na viungo vinajificha. Washa injini, mtu akae ndani achezeshe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, matairi yatake kugeuka lakini yasigeuke. Wewe lala chini ushike kila kiungo, kiganja nusu huku nusu kule. Mkono unauhisi mchezo kabla jicho halijauona. Anzia juu: msalaba wa shafti ya usukani, kisha boksi. Shafti inayoingia ikizunguka na mkono wa chini wa boksi umetulia, ugonjwa uko ndani ya boksi. Mkono wa boksi ukienda na rodi ikachelewa, ni kichwa cha rodi. Boksi yenyewe ikihema kwenye chasisi, ni boli zake, na hapo angalia pia kama chasisi haijapasuka kuzunguka matundu ya boli. Barabara ya Naabi inapasua chuma, usiione hivi.

Kwa gari ya koili usisahau ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isiende pembeni. Bushi zake zikifa, ukikata usukani ekseli inasogea kwanza ndipo tairi zifuate. Hiyo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu tairodi zote ni nzima na gari bado inahama.

Hapo ndipo upige jeki. Shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi za habu (kitovu cha tairi), kwa kuwa breki imeifunga habu na nako, kile kifundo kinachogeuka na tairi. Ukibaki ni kingipini, egemeo ambalo tairi hugeukia. Beringi utakaza kwa soketi ya 54, nati mbili na washa ya kukunja katikati yake. Kingipini unapunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia, lakini ukifungua ukakuta grisi imegeuka supu, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu inaingia. Usifunge hivyohivyo.

Mkonga Mchovu:
Asante Mangi, lakini suala lenyewe hujaligusa. Mkono wangu ndio unacheza?

Mangi Dizeli:
Sijauona.

Bint Machame:
Mangi kamaliza kwenye viungo, ila kaka Mchovu ana magonjwa mawili yanayofanana. Ukinyanyua koili za mbele, ekseli inazunguka na kingipini inaelekea mbele kwa juu. Inatakiwa ilale nyuma, na huo mlalo, yaani kasta, ndio unaorudisha usukani katikati. Ukipungua, gari taratibu ni nzuri kabisa, ukifika lami ya KIA kwenye upepo inaanza kutafuta njia yake. Viungo vyote vizima, hakuna kinachocheza, na bado inahama. Hiyo ilikuwepo kabla ya bisibisi.

Kutofautisha ni rahisi. Zima injini, nyanyua tairi zote mbili za mbele, zungusha usukani polepole kutoka mwisho mpaka mwisho. Ukisikia unakaba ukifika katikati, boksi imebanwa. Ukiteleza laini njia nzima, boksi haijabanwa, dai lako ni kasta. Dawa yake ni bushi za kasta, zile zenye tundu lililokaa pembeni, kwenye mikono ya ekseli. Bisibisi haiwezi kurekebisha kasta hata ukaze mpaka Krismasi.

Skrubu nayo irudishe. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mpaka mwisho, gawa kwa mbili, hapo ndipo katikati. Legeza, kisha kaza kidogo kidogo mpaka mchezo uishe tu, ishia hapo. Ukifunga lokinati ishikilie skrubu kwa bisibisi, la sivyo inazunguka nayo na umerudi ulikotoka.

Bisibisi Bapa:
Si nilisema ni inchi mbili? Nikalipwe.

Mkonga Mchovu:
Kwa hiyo dada umethibitisha siyo mkono. Watu wote wameona.

Mteja Mpole wa Njiro:
Mnamlalamikia wa bisibisi na wa alaimenti mnamwacha? Kuna mmoja anatoza hela ya "kamba na kasta" kwenye mkonga, kamba yaani tairi kuinama ndani au nje. Ekseli ya kipande kimoja! Pale mashine inarekebisha mdomo wa tairi tu, yaani tairi za mbele zinavyotazamana, kwa kuzungusha ile rodi ndefu, basi. Anakupa na karatasi ya rangi. Halafu anapima juu ya tairodi iliyokufa, ukitoka getini vipimo vimeshabadilika.

Spea Halali:
Tairodi zenyewe mnanunua wapi? Kichwa kipya kikiwa kizima kinakuwa kigumu kukiinamisha kwa vidole. Kikilala chenyewe dukani, kirudishe. Na msisahau kimoja ni cha uzi wa kushoto. Watu wananunua viwili vya kulia halafu wanakuja kunitukana mimi.

Kijana wa Sanya Juu:
Na hao wanaotoa tairodi kwa kugonga uzi na nyundo? Gonga ubavu wa tundu la mkono, kiungo kinaruka chenyewe.

Landrover Damu:
110 haina hadithi zote hizi.

Mangi Dizeli:
110 haina hadithi kwa sababu haijafika. Iko Makuyuni inasubiri kuvutwa.

Landrover Damu:
Mzee, heshima yako, lakini tukutane mlima wa Mto wa Mbu uone nani anamvuta mwenzake.

Bint Machame:
Tusifike huko. Kuna mtu wa Majengo kaazima soketi yangu ya 54 tangu kabla ya mvua, kila nikipiga simu anasema yuko porini. Soketi haina mtandao kule, nielewe?

Spea Halali:
Dada, ya kwako ina alama ya rangi nyekundu?

Bint Machame:
Ndiyo! Umeiona wapi?

Spea Halali:
Nimeuziwa jana.