Fulana, vikombe, kalenda zenye jina la biashara: tupeane uzoefu, kipi kilikuletea wateja kweli?

Mama Vifaranga, Moshi (mwanzisha mada)

Habari za leo wadau. Nauza vyakula vya mifugo Pasua, mwaka wa sita sasa. Mwaka juzi nilichapisha fulana 60 zenye jina la duka na namba ya simu, moja sh 11,000, nikawagawia wateja wangu wa kuku wa mayai. Haikupita hata wiki ya nne, nikamtembelea mteja mmoja kule Rau, nikamkuta kaivaa bandani. Maandishi yamebanduka vipande vipande, namba ya simu imebaki tarakimu nne. Mama wa watu hakusema neno, lakini niliumia sana. Lililochakaa pale kifuani ni jina langu, si la aliyechapa.

Mwaka jana sikurudia fulana. Nilitengeneza kadi ngumu yenye ratiba ya chanjo ya magonjwa ya kuku: siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 rudia kideri, na kuendelea. Pembeni kuna nafasi ya mfugaji kuandika tarehe zake, chini jina la duka na simu. Juu nimetoboa tundu la kupitisha kamba. Jamani, kadi haikufika hata sh 1,500, na ndiyo inayonipigisha simu. Mtu akiamka asubuhi anaisoma, anaona kesho ni gumboro, namba iko palepale chini ya kidole chake. Bandani kwa yule yule mama wa Rau imening'inia kwenye msumari mlangoni, imejaa tarehe za makundi matatu ya vifaranga.

Nataka kusikia na wengine. Nini kilifanya kazi, nini kilikula hela?

Dereva wa Nyika, Arusha

Asante dada kwa mada. Mimi niko kwenye utalii, na kwetu kitu kinacholipa kuliko vyote ni kava la tairi ya akiba nyuma ya gari. Ukifika geti la Loduare, pale Ngorongoro, magari yamepanga foleni yakisubiri vibali, wageni wa gari la nyuma hawana cha kutazama ila mgongo wa gari lako. Tuliandika jina kubwa na anuani ya tovuti tu, basi. Mwanzo tulikuwa tumejaza simba, tembo, mlima na simu tatu, hakuna aliyeweza kusoma.

Chupa za chuma za maji nazo ni nzuri. Mgeni anaitumia safari nzima, halafu anaondoka nayo kwao. Ila fulana tulikosea: tuliagiza M na L tupu, wageni wetu wengi wanavaa XL kwenda juu. Karibu nusu zilibaki stoo.

Mama wa Unga, Mbuyuni

Mimi nasaga unga wa lishe. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Juni 2019, nikaona fursa, nikachapa jina kwenye ile mifuko mbadala mepesi. Mishikio ilikatika mtu akiwa hajafika hata stendi. Fikiria, unga umemwagika barabarani na jina lako liko juu ya mfuko. Nikaacha.

Sasa nashonesha mikoba ya kitambaa kigumu kwa fundi hapa hapa sokoni. Mshono unapita mara mbili kwenye mishikio, na chini naweka kipande cha pili cha kitambaa. Simpi kila mtu, nampa anayenunua kuanzia kilo 10. Wakina mama wa Kibosho, kule mlimani, wanaishusha na ndizi na parachichi siku ya soko, wanapandisha na sukari na sabuni. Mkoba mmoja niliuona kwenye daladala, rangi imepauka kwa kufuliwa lakini jina linasomeka. Nilifurahi kama nimeona mwanangu.

Fundi Skrini, Ngarenaro

Mama Vifaranga, pole sana. Kwa maelezo yako naona mambo mawili yanayowezekana. Kama ni wino wa skrini, haukuivishwa. Wino ule wa plastiki unataka joto la karibu nyuzi 160 hadi ndani, ukikaushwa juu juu unaonekana safi lakini ukifuliwa unapasuka. Kama ni karatasi ya kubandika kwa pasi ya mashine, basi haikubanwa kwa joto au muda wa kutosha. Na ile njia ya kuhamisha rangi kwa joto ikaingia ndani ya kitambaa (sublimation) inataka nguo nyeupe ya poliesta. Ukiifanya kwenye pamba, rangi inatoka kwenye maji.

Nawaomba wote: kabla ya kulipia oda, chukua fulana moja, ifue mara tano kwa sabuni ya unga, ianike juani. Fundi anayekataa hilo, mwache. Na msituletee nembo mliyoipiga picha kwenye simu ikapitia WhatsApp, inakuja imefifia kingo. Leteni faili lenyewe kutoka kwa aliyeichora. Mtu wa Moshi, usije na oda ya haraka Februari, watu wote wanachapa fulana za mbio za Kilimanjaro Marathon. Kalenda ziagizwe Oktoba, Januari umeshachelewa.

Kinyozi wa Sakina

Niliwavalisha bodaboda 12 wa kijiwe cha jirani vizibao vya reflekta vyenye jina la saluni. Wateja waliongezeka. Ila mmoja alimtukana abiria, na yule abiria akaja kunilalamikia mimi. Siku hizi nakaa kwanza na mwenyekiti wa kijiwe, anichagulie wenye heshima.

Mama Vifaranga

Asanteni sana, hasa Fundi, leo nimeelewa. Nikuulize: nataka kadi 200 za msimu ujao. Bandani kuna vumbi na maji ya kunyweshea, karatasi inalowa. Nikiziwekea plastiki, kalamu itashika?

Fundi Skrini, Ngarenaro

Ile inayong'aa haishiki, wino unafutika kwa kidole. Chagua isiyong'aa, au ugawe na maka pen. Nitumie kadi moja ya zamani kwa basi, niijaribu kwa plastiki zote mbili na kuimwagia maji kabla hujatoa hela yoyote.