Kijana ameniuliza kuhusu Shakahola katikati ya mafunzo ya Biblia. Nimjibu vipi?

MamaVijana_Umoja

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na asiye wa imani hii namsalimu kwa heshima, maoni yake pia nayahitaji.

Mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa moja huku Umoja, Nairobi. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne au wako chuoni, wachache wana vibarua Industrial Area, waliobaki wanasubiri tu. Zamani ibada yao ilikuwa inajaa hadi tunaazima viti vya plastiki kwa majirani. Tangu katikati ya 2024 wamekuwa wakipungua. Baada ya maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha walikuja kanisani na uchungu mwingi. Wapo waliokuwa bado wanakohoa kwa moshi wa vitoa machozi, yupo aliyemzika rafiki. Jumapili hiyo mahubiri yalikuwa ya fungu la kumi. Hakuna aliyewauliza hali.

Sasa majuzi, Jumamosi, tukiwa kwenye mafunzo ya Biblia, kijana mmoja mpole sana, ndiye mpiga kinanda wetu, akainua mkono kuuliza kuhusu Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako mhubiri aliwaambia waumini wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Akasema: "Wale wa Shakahola walikuwa na Biblia kama hii yangu. Waliomba, walifunga, walimtii mchungaji wao. Na sisi hapa tunafundishwa kuomba, kufunga na kumtii mchungaji. Tofauti iko wapi?"

Mzee mmoja wa kanisa akamkatiza. Alimwambia huo ni moyo wa uasi, akatubu. Kijana hakubishana. Alifunga Biblia, akaenda kwenye kinanda, akachomoa waya, akaukunja vizuri kama kawaida yake, akatoka. Tangu hapo haji. Nikimwandikia WhatsApp ananijibu kwa adabu, lakini kanisani haji.

Ndugu zangu, mimi Yesu alinishika mkono nikiwa mjane na watoto wadogo. Siwezi kunyamaza kana kwamba hayo hayakutokea, na natamani hawa watoto wamjue. Kwanza, huyu kijana nimjibu vipi swali lake? Pili, niwavute warudi kanisani au niwafuate waliko? Wapo wanaonishauri tuweke taa za rangi, tubadilishe muziki, tufungue akaunti ya TikTok. Sina ubaya na hayo, ila sioni kama ndipo penye shida.

Mchungaji_wa_Eastlands

Dada, Mungu akubariki kwa mzigo huo. Nitasema jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Tusiwaendee vijana na injili isiyodai kitu. Toba imo ndani ya injili, na ushirika wa waumini umo pia. Imani ya kwenye simu peke yake haimbebi mtu siku ya msiba. Kwa hiyo ndiyo, wafuate, lakini lengo liwe kuwaleta mezani pa Bwana pamoja na wengine.

Hata hivyo mzee wenu alikosa. Asome Matendo 17:11. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli, na Biblia inawasifu kwa hilo. Ikiwa Paulo alichunguzwa, mimi ni nani nisichunguzwe?

Kinyozi_Kayole

Mama, mimi si msomi wa Biblia, ni kinyozi niliyeokoka. Vijana ninaowanyoa ni wengi na nimejifunza kitu kimoja kuwahusu. Akikaa kwa kiti, hakutazami usoni, anakutazama kwa kioo. Mashine inanguruma, hakuna anayewasikia, na hapo ndipo anasema. Atakuambia ya nyumbani, ya msichana, ya deni la Fuliza, ule mkopo wa simu. Ukianza kumhubiria wakati huo, amekwisha. Anasema "niweke fade tu" na mazungumzo yamekufa.

Kuna mmoja alipoteza karo yote kwenye ile kamari ya ndege ya simu. Alikuwa ananiuliza kuhusu dawa ya panya kwa sauti ambayo sikuipenda. Nilizima mashine, nikafunga kinyozi saa tano ya asubuhi, tukapanda matatu hadi Njiru kwa babake. Nilikaa pale mpaka mzee alipomaliza kufoka na mama akaleta chai. Sikutaja Yesu siku hiyo hata kidogo. Ni yeye alikuja baadaye akaniuliza kwa nini nilifunga kazi kwa ajili yake, na hapo nikamwambia nani alinifanyia mimi hivyo kwanza. Sasa tunasoma Marko pamoja Jumatatu, siku wateja ni wachache.

Kwa hiyo huyo mpiga kinanda usimngoje ajibu meseji. Mtembelee. Na ukifika usianze kwa kumuuliza mbona haji kanisani.

NilitokaBadoNipo

Mama shikamoo. Mimi ni wa rika la hao vijana wako, niko chuo hapa Thika Road, na nilitoka kanisani kwetu. Naandika kwa heshima.

Kwetu ilikuwa hivi: mheshimiwa alikuja na msafara, akapewa maikrofoni, akaongea mpaka maombi ya wagonjwa yakaachwa kwa sababu saa zimeisha. Mamangu ndiye alikuwa mgonjwa. Alikuwa amevaa vizuri akitarajia kuombewa. Tulirudi nyumbani na hakuna aliyemwambia pole.

Bado naomba. Bado nasoma Injili kwa matatu nikienda darasani. Lakini kuna mambo mawili yakifanywa, mimi na marafiki zangu tutasikiliza. La kwanza ni pesa. Someni hesabu mbele ya watu: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilienda kwa mishahara, kiasi gani kilimfikia mjane. Tulikuwa barabarani tukidai hesabu kutoka kwa serikali, hatuwezi kufumba macho tukiingia kanisani. La pili, msituite tu kupanga viti na kushika kamera. Kanisa zima la kwetu lilikuwa likiendeshwa kwa kompyuta na mtu wa miaka 20, lakini kwenye baraza la wazee hakukuwa na hata mmoja wa chini ya miaka 45. Tukiaminiwa na nyaya tuaminiwe na maamuzi.

Mchungaji, nimekusikia kuhusu ushirika. Ni kweli, nauhitaji. Nauliza tu, ule ambao nilitoka ulikuwa ushirika?

Mchungaji_wa_Eastlands

Mwanangu, hapana. Haukuwa. Pole sana, na mpe mama pole zangu. Kama ataridhia, nitumie ujumbe wa faragha nije kumwombea nyumbani. Sitakuja na mtu wala kamera.

Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefundisha katekisimu Kariobangi na Dandora miaka mingi, na swali la kijana huyu ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa. Mama, usilikimbie, na usimjibu kwa kusema tu "wale walipotoka." Hilo analijua. Anachotaka kujua ni vipi atatambua akianza kupotoshwa yeye.

Mimi ningekaa naye na Marko sura ya 5. Binti wa Yairo amekufa, ana miaka 12, watu wanalia. Yesu anamshika mkono, anamfufua. Na neno la mwisho la habari hiyo, mstari wa 43, ni agizo kwamba mtoto apewe chakula. Msomee hapo polepole. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi walionyimwa chakula ili eti wakutane na Yesu. Yesu mwenyewe, alipokutana na mtoto, aliwaambia wazazi wampe ale. Mtu yeyote anayemtumia Yesu kumnyima mtoto chakula, dawa au shule anamhubiri mwingine.

Halafu mwonyeshe jambo la pili. Yesu alifunga siku 40, lakini hakumlazimisha mtu afunge naye. Aliyeweza kuondoka aliondoka. Katika Yohana 6 wengi walimwacha, naye akawageukia wale 12 akawauliza kama nao wanataka kwenda zao. Mlango ulikuwa wazi. Kijana ajifunze kuuliza katika kanisa lolote, hata langu, hata lenu: hapa mtu akiuliza swali anafanywa nini? Akitaka kuondoka anafanywa nini? Sasa, Mama, unaona kwa nini lile jibu la mzee liliumiza sana. Kijana aliuliza tofauti iko wapi, na kwa dakika ile hakuonyeshwa.

Kuhusu fedha za wanasiasa, nimefarijika kuona mambo yakianza kubadilika. Novemba 2024 Askofu Mkuu wetu Philip Anyolo aliagiza fedha ambazo Rais Ruto alitoa katika kanisa la Soweto hapa Nairobi zirudishwe. Wajukuu wangu, ambao kwa kawaida hawaniulizi habari za kanisa, walinipigia simu jioni ile kuuliza kama ni kweli. Waanglikana nao, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuzungumza madhabahuni tangu Septemba 2021. Vijana wanaona haya mambo. Wanayaona kabla yetu.

Mwalimu_wa_Historia

Katekista amenigusa. Naongeza upande ninaoufundisha kila siku.

Kwanza tusitishike kupita kiasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na waliosema hawana dini walikuwa takriban 755,000. Vijana wengi ambao hawaonekani Jumapili bado wanajiita Wakristo. Mpiga kinanda wako ni mmoja wao, angekuwa mtu asiyejali hangeinua mkono.

Pili, jiandae kwa swali litakalofuata, maana darasani kwangu lile la Shakahola likiisha linakuja la "dini ya mzungu." Usilijibu kwa hasira. Historia iko upande wako. Mmishonari Krapf alifika Mombasa 1844, kweli, lakini wakati huo Ukristo ulikuwa umeishi Afrika karne nyingi. Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, aliupokea katika karne ya 4. Agostino alikuwa askofu wa Hippo, iliyo Algeria ya leo. Towashi wa Matendo 8 alirudi kwao kusini mwa Misri akifurahi kabla Paulo hajakanyaga Ulaya. Wakati huohuo kubali lililo kweli: wapo wamishonari waliotembea bega kwa bega na ukoloni, na vijana wanajua. Ukilificha hilo hawatakuamini kwa mengine.

Tatu, hili ndilo ninalolipenda zaidi. Vijana wengi wanadhani kanisa la Nairobi limekuwa likikaa upande wa wenye nguvu daima. Wasimulie ya 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula pale Uhuru Park, kwenye kona tunayoiita leo Freedom Corner, wakiwa na Wangari Maathai. Polisi waliwapiga na kuwatawanya. Wakakimbilia All Saints Cathedral, jirani tu, na wakakaa pale kwenye chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa. Kanisa halikuwafukuza. Na Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliingia ndani ya kanisa hilohilo wakapiga watu, Mchungaji Timothy Njoya akiwemo. Nikiwasimulia wanafunzi wangu waliokuwa barabarani 2024, darasa linatulia, kisha wananiuliza: sasa kanisa hilo limeenda wapi? Ni swali ambalo watu wazima tunapaswa kulijibu kwa miguu.

DadaWaPipeline

Mimi nina neno fupi. Wapeni vijana kazi ya kweli ya huruma. Kwetu walipoachiwa wenyewe kupanga chakula cha watoto wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, walikuja hadi wasio wa kanisa. Mtu akigawa uji na mwenzake tangu alfajiri, wataongea ya Mungu bila kuitiwa mkutano.

MamaVijana_Umoja

Wapendwa, nimesoma yote na nimelia kidogo. Kinyozi, nimefanya ulivyosema. Nilienda kwao Jumapili jioni na mkate na maziwa. Sikuuliza habari ya kanisa. Tuliongea ya nyanyake aliye Machakos, tukaongea ya kinanda. Nikiwa karibu kuondoka yeye mwenyewe akasema, "Mama, lile swali bado ninalo." Nikamwambia nami ninalo, tulitafute pamoja. Tumesoma Marko 5 mpaka ule mstari wa 43. Aliurudia kusoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama anaweza kuleta wenzake wawili waliomwambia hawatakanyaga tena kanisani.

Kwa hiyo tutaanza Alhamisi jioni, nyumbani kwangu, nje ya kanisa kwa sasa. Mchungaji wetu nimemjulisha na amekubali, na ameahidi kuongea na yule mzee. Hesabu za fedha nimeziombea nafasi katika kikao kijacho cha baraza, pamoja na viti viwili vya vijana. Huko najua kutakuwa na maneno, mniombee.

Mwalimu, naomba kitu. Hawa wakikubali, unaweza kututembeza Freedom Corner na All Saints uwaeleze wenyewe? Mimi nitaleta nauli na chapati.

Mwalimu_wa_Historia

Kwa moyo wote. Jumamosi asubuhi ndiyo bora, mji hauna msongamano. Mwambie mpiga kinanda aje na maswali yake yote.

NilitokaBadoNipo

Mama, hiyo Alhamisi, mtu wa Thika Road anaweza kuja?

MamaVijana_Umoja

Njoo mwanangu. Nimekutumia namba ya nyumba kwa faragha. Chakula ni saa kumi na mbili na nusu, na ukichelewa kwa sababu ya jam tutakuwekea.