Kwenye simu mnatumia brauza gani, na kwa nini mnaing'ang'ania?

Mzee wa Steshenari, Igoma: Wakuu habari za jioni. Mimi miaka yote mtu wa Opera Mini, inabana bando balaa. Sasa juzi umeme umekata, kompyuta imezima, dada mmoja anataka kujaziwa fomu ya kazi na mwisho ni saa sita usiku, nikasema ngoja nitumie simu, nimejaza kurasa nne, kufika kupandisha cheti ukurasa ukarudi mwanzo, kila kitu kimefutika. Nimemrudishia buku mbili zake kimya kimya. Nihamie wapi?

Fundi Simu Buzuruga: Hiyo umejitakia. Ukiweka ile ya kubana kabisa ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva zao, unakamuliwa ndo unaletewa wewe, fomu nzito lazima igome. Weka Chrome maliza kazi. Opera Mini waachie Wakerewe wanaotafuta network juu ya mti.

MkereweHalisi: Juu ya mti nani?? Nipo Nansio hapa naangalia mpira laivu haukati, wewe Buzuruga ukitaka kupiga simu unatoka nje ya kibanda.

Binti Kirumba: Chrome inakula bando kama sangara alivyokula furu. Mimi Firefox, ya Android inakubali nyongeza, nimeweka uBlock Origin ya kuzuia matangazo, yale ya kubeti nimeyasahau. Chrome ya simu haina hiyo.

Sato Mkavu: Hao Firefox si wanalipwa na Google ili iwe ndo ya kutafutia? Umemkimbia baba umeenda kupanga kwa mtoto

Binti Kirumba: Analipwa ndiyo, ila matangazo mimi siyaoni. Wewe unayaona. Nani kapanga vibaya?

Mdau Nyegezi: Opera kwanza si ya Wachina? Mi naogopa hata kuingiza nenosiri

Sato Mkavu: Ilianzia Norwei, Wachina wamenunua kama 2016 hivi. Na hiyo Tecno unayotypia unadhani imetoka Usagara?

Mdau Nyegezi: 😂😂 sawa nimekaa

Fundi Simu Buzuruga: Mkerewe punguza hasira mzee, ulikuwa utani. Nyie subirini kivuko, sisi tuna daraja.

MkereweHalisi: Daraja gani? Kigongo–Busisi linaunganisha Misungwi na Sengerema, Buzuruga linakuhusu nini? Ulishalivuka hata mara moja au umeliona status?

Fundi Simu Buzuruga: Nimelivuka mara mbili

MkereweHalisi: Ukienda wapi

Binti Kirumba: Kimya...

Mhandisi Asiyelipwa: Mnachekesha. Chrome, Edge, Brave, hata Opera ile kubwa tangu 2013, zote zimejengwa juu ya Chromium ya Google. Daladala moja mmepaka rangi tofauti mnagombana stendi. Kwenye iPhone ndo kabisa, hadi hiyo Chrome ndani ni injini ya Apple.

Fundi Simu Buzuruga: Mwenye iPhone humu nani

Mzee wa Steshenari, Igoma: Jamani niliuliza brauza. Anyway nimeweka Firefox, dada karudi na fomu nyingine mwisho kesho, imefunguka vizuri tu, shida nenosiri za wateja wangu wote zilikuwa zimehifadhiwa kule Opera na mi sikumbuki hata moja.

Mdau Nyegezi: Unahifadhi nenosiri za WATEJA???

MkereweHalisi: Fundi bado sijasikia samahani. Na dagaa zangu usije kuulizia bei.