Naomba ushauri: Sinza au Kibaha, nahamia Dar na familia

Habari zenu wakuu. Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Mbeya kwenda Dar, ofisi ipo Posta, katikati ya jiji. Nahamia na mke, watoto wawili (mkubwa yuko darasa la tatu) na mama yangu, ambaye miguu inamsumbua.

Sinza nimeonyeshwa vyumba viwili na sebule. Dirisha la jikoni linatazamana na ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Na lile joto, mama atashinda wapi mchana? Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja, kwa kazi ya kunifungulia geti tu!

Kwa hela hiyohiyo Kibaha napata nyumba nzima, vyumba vitatu, uwanja na miembe. Hospitali ya Tumbi iko jirani kwa ajili ya mama. Ila huko ni mkoa wa Pwani kabisa. Itabidi nipande gari hadi Kimara, halafu nigombanie mabasi ya mwendokasi, na foleni ya Kimara asubuhi mnaijua.

Mke anataka Kibaha, afuge kuku. Mimi naogopa kuwa baba wa Jumapili: natoka watoto wamelala, narudi wamelala.

Mnaoishi Kibaha na kufanya kazi mjini, mnatoka nyumbani saa ngapi? Maji yanatoka kila siku au ni ya boza? Na kumhamishia mtoto shule ya serikali huko katikati ya mwaka, nafasi zinapatikana? Kama kuna mtaa wa kati na kati, labda Mbezi, nitajieni.