Naomba ushauri: Utando wa kaboni unateleza tofauti Dodoma na Dar, shida iko wapi?

Binti wa Ihumwa:
Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, namalizia mradi wa shahada ya pili kuhusu tando za DLC, ile kaboni ngumu inayopakwa kwenye diski za kompyuta na pini za pistoni. Zangu zina unene wa nanomita chache tu, juu ya chuma cha pua. Kundi moja lina haidrojeni ndani yake, la pili halina.

Sampuli hizi zilipimwa Dar mwezi wa nne, masika yamekolea. Nimezirudia hapa kiangazi hiki kwa mashine ya aina ileile, uzito uleule, kigololi cha chuma kilekile. Zenye haidrojeni zinateleza zaidi huku kuliko Dar. Zisizo nayo, msuguano umepanda. Mwenzangu anasema nizitupe, eti zimeshachubuka, ila kwa hadubini sioni palipochubuka. Nifanyeje?

Fundi Nozeli:
Pole dada. Unazishika kwa mikono mitupu? Mafuta ya kidole ni manene kuliko huo utando wako. Na vumbi la Dodoma mwezi huu unalijua.

Binti wa Ihumwa:
Navaa glavu kaka, nasafisha kwa asetoni kisha alkoholi, halafu nazifunika.

Zabibu76:
Usitupe kitu! Kilichobadilika ni hewa.

Atomi za kaboni zilizo juu kabisa hubaki na vifungo vilivyokosa mwenza. Zikigusana na uso wa pili zinang'ang'aniana nao, msuguano unapanda. Kwenye tando zenye haidrojeni, vifungo hivyo vimeshazibwa. Ndani ya naitrojeni kavu, kipimo cha msuguano (nguvu ya msuguano gawa kwa uzito unaokandamiza) cha aina hii kinaweza kushuka hadi 0.01 au chini ya hapo. Mvuke wa maji ukiingia, unatanda juu ya uso na utelezi unapungua.

Zisizo na haidrojeni zinategemea maji ya hewani yavunjike yazibe vifungo. Zinyime unyevu, zitakwaruza. Grafiti, ile kaboni laini ya kwenye penseli, nayo inataka maji: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, brashi za kaboni kwenye jenereta za ndege zilisagika upesi mno ndege zikipanda juu, kwa sababu hewa ya huko ni kavu. Sasa linganisha Dar ya masika na Dodoma ya kiangazi saa nane mchana. Majibu yako yanaendana na kemia.

Fundi Nozeli:
Hapo sawa, ila msisahau chuma cha chini. Utando mwembamba hivyo haufichi mikwaruzo ya msasa, unaifuata ilivyo. Uzito wote unaangukia vilele vichache, chuma kinabonyea, utando unapasuka. Zote ziling'arishwa sawa?

Binti wa Ihumwa:
Sawa kabisa, kwa unga wa almasi. Kitu kingine: baada ya kupima, kwenye kigololi kuna doa jeusi dogo, kingo zimefifia. Nilifute?

Zabibu76:
Hapana, piga picha kwanza! Hiyo ni kaboni iliyohamia kwenye chuma. Ikishajengeka, kaboni inasuguana na kaboni, ndiyo maana mizunguko ya mwanzo huwa juu kisha inashuka. Usichanganye sehemu hizo mbili kwenye wastani mmoja.

Mwalimu wa Makole:
Unene nao una neno. Utafiti wa mwaka 2010 kwenye grafini, yaani kaboni ambayo kila tabaka lake lina unene wa atomi moja tu, ulionyesha tabaka moja lina msuguano mkubwa kuliko manne, kwa kuwa tabaka jembamba linajikunja mbele ya ncha inayolipapasa. DLC ni ngumu zaidi, usilihamishe jibu hilo kama lilivyo.

Kuhusu unyevu, uthibitishe mwenyewe. Funika mashine kwa boksi la plastiki, weka ndani bakuli la maji yaliyoshiba chumvi ya mezani: unyevu utatulia karibu asilimia 75. Kwa magnesiamu kloraidi utakuwa karibu 33. Ukipata majibu ya Dar ukiwa hapohapo Dodoma, huyo mwenzako hana hoja tena. Na kila kipimo kiandikwe na unyevu wake pembeni.

Binti wa Ihumwa:
Asanteni sana wakuu, mmenivusha. Chumvi ya mezani ninayo. Hiyo nyingine naipata wapi hapa mjini, na kipima unyevu je?

Fundi Nozeli:
Ulizia maduka ya kemikali za maabara. Kipima unyevu nakuazima, njoo PM.